Mashine ya Vichwa Viwili

Mimi huitwa Pasi. Jina nililopewa na wazazi wangu lipo, limelala zake kwenye kitambulisho, ila aliyenioa aliliona halinifai. Alisema mwanamke anayepata moto upesi namna hii, ukimsahau juu ya kitu kidogo tu anakiunguza, hawezi kuitwa kingine. Basi nyumba nzima ikaniita Pasi, mtaa ukafuata, na sasa hata wateja wananiita hivyo mchana kweupe bila haya. Mimi sijali. Sijawahi kuona nguo iliyonyooka kwa kubembelezwa.

Mume wangu ni fundi umeme. Dada yake, yaani wifi yangu, ndiye mwenzangu kazini. Yeye tunamwita Bobini, kwa sababu ni mfupi, ni wa duara, na mambo yake yote yanapita chini chini kama uzi wa bobini kwenye cherehani. Huoni kitu mpaka mshono umekwisha. Tunashona sare katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye dirisha pana linalotazama barabara. Makoti ya wauguzi, sweta za shule, aproni za mahoteli, ovaroli za gereji. Mimi nakata na kushona. Yeye anatia vifungo, anamalizia, na anapokea wateja, maana tulishajaribu mimi niwapokee tukapoteza wawili wazuri asubuhi moja.

Niseme mapema ili tusije tukaelewana vibaya: nampenda wifi yangu. Najua watu wanavyosema kuhusu mawifi, kwamba kazi yao ni kuhesabiana vijiko jikoni. Wangu sivyo. Siku nilipoingia nyumba hii nikiwa bibi harusi, nimekaa nimeinamisha uso kama mtu anayesubiri kung'olewa jino, alinisogelea akaninong'oneza, "Wifi, kaka yangu anakoroma. Ukizidiwa, mlango wangu hauna komeo." Nilicheka mpaka wanja ukanichuruzika mashavuni. Tangu siku hiyo sikuwahi kufanya jambo kubwa bila yeye.

Tatizo letu lilikuwa majina na nembo. Muuguzi anataka jina lake kifuani, shule inataka nembo yake, na sisi mashine ya kudarizi hatukuwa nayo. Tulikuwa tunapeleka nguo kwa bwana mmoja ng'ambo ya mji, tuliyempa jina la Kesho, kwa kuwa hilo ndilo neno pekee aliloweza kulitamka vizuri. Sweta za shule ziko tayari? Kesho. Makoti je? Kesho, mama, kesho asubuhi. Mwisho wa yote akaturudishia makoti ya hospitali nzima, nembo zote zimekaa kifua cha kulia badala ya kushoto, halafu akasema mbona zinapendeza. Damu ilinichemka. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa, pengine watoto wanasikiliza.

Nilirudi nyumbani nikautupa mzigo mezani. "Wifi! Tunanunua mashine yetu wenyewe!"

Bobini hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kifungo chake. "Nilikuwa nangoja useme," akajibu. Kumbe muda wote huo alikuwa akiweka akiba yetu pembeni, kidogo kidogo, kimya kimya. Nikamrukia nikambusu kwenye paji la uso, sindano ikanichoma, tukacheka.

Basi zikaanza siku za raha. Watu wengine wana raha ya kuchagua kitambaa cha sherehe. Sisi tulikuwa na raha ya kuchagua mashine. Tulibandika picha zake ukutani. Tulizijadili tukiwa tunakula, tukiwa tunafua, tukiwa tunagombana kuhusu mambo mengine. Mume wangu naye alikuwa na swali lake moja tu.

"Mniambie ni mashine ngapi, nijue nifunge soketi ngapi."

Hilo ndilo swali lililotaka kuivunja nyumba.

Nieleze kidogo, kwa wasioijua kazi hii. Mashine ya kudarizi ya biashara ina kichwa, na kichwani zimepangwa sindano nyingi kwa safu, kila sindano na uzi wa rangi yake. Unabana nguo kwenye fremu, unaionyesha mashine mchoro, unabonyeza, inaanza kuchora yenyewe kwa uzi. Sasa, kuna mashine ya kichwa kimoja. Na kuna ya vichwa viwili: mwili mmoja, akili moja, vichwa viwili vinavyoshona kitu kile kile kwa wakati mmoja, nguo mbili kwa mpigo. Uzi ukikatika upande huu, upande wa pili nao unasimama. Hauendi peke yake. Unangoja mwenzake atungwe uzi, ndipo waondoke tena pamoja.

Niliposikia hivyo tu nikasema, hii ndiyo yetu. Bobini naye alikubali, akaipigia picha yake mstari kwa kalamu nyekundu. Mambo yalikuwa shwari.

Halafu akatokea fundi saa.

Alikuja mara ya kwanza kushonesha aproni yenye mifuko midogo midogo ya vifaa vyake. Mtu mrefu, mpole, anayeongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Kibanda chake kiko mji wa pili. Aproni ikaisha, akaichukua, akalipa, akashukuru. Wiki iliyofuata akarudi kutuambia saa yetu ya ukutani inakwenda nyuma kidogo. Akaitengeneza. Akarudi kuona kama imetengemaa. Akarudi kuipaka mafuta. Nakwambia, hakuna saa iliyotibiwa duniani kama ile, na ilikuwa nzima! Kila akija Bobini anajitia kutafuta vifungo ambavyo viko mbele ya macho yake.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Wifi yangu alishakaa peke yake miaka, na alistahili mtu wa kumpaka mafuta saa yake. Lakini ukaanza kunijia wasiwasi. Mji wa pili si hapa. Mwanamke akiolewa mji wa pili, anahamia mji wa pili. Sikuuliza. Yeye hakusema. Mume wangu nikimdadisi anasema, "Mimi ni kaka wa mmoja na mume wa mwingine. Nikifungua mdomo nalala kibarazani." Akatoka kwenda kushika nyaya ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Halafu siku moja, tukiwa tunakunja sweta, Bobini akasema polepole, "Wifi, nimefikiri upya. Tusinunue ile ya vichwa viwili. Tununue mbili za kichwa kimoja kimoja."

"Za nini?"

"Ziwe mbili tu. Moja yangu, moja yako."

Moja yangu, moja yako! Jioni ile ile, akitafuta leso kwenye mkoba wake, nikaona mkasi mpya. Mkasi mdogo wa kukatia nyuzi, wenye ncha iliyopinda, bado unang'aa. Sasa, kwetu sisi mkasi si mchezo. Miaka yote tumetumia mkasi mmoja, unaning'inia msumarini katikati ya viti vyetu, anayeuhitaji ananyoosha mkono. Fundi akijinunulia mkasi wake na kuuficha, ujue anafungua kwake. Nikakaa nikajumlisha: fundi saa, mji wa pili, mashine mbili, mkasi mkobani. Hesabu ikatoka yenyewe.

Mashine mbili watu wanagawana. Moja inapanda gari inakwenda mji wa pili, nyingine inabaki na Pasi na dirisha lake. Ya vichwa viwili haigawanyiki. Huwezi kuikata kwa msumeno.

Niliogopa. Nalisema wazi kwa sababu wakati ule sikulisema. Mtu wa hasira akiogopa hasemi ameogopa, anapiga kelele. Nami nikapiga.

"Vichwa viwili!" nikasema. "Nembo za shule zinafanana zote. Mbili kwa mpigo!"

"Majina hayafanani," Bobini akasema. "Muuguzi huyu ana jina lake na yule ana lake. Utawapa wote jina moja?"

"Ya vichwa viwili ni bei nafuu kuliko mbili!"

"Na ikiharibika tunakaa wote tunaitazama. Zikiwa mbili, moja ikiugua nyingine inatulisha."

"Kwani hii nimeambiwa itaugua?"

"Jamani," akasema mume wangu mlangoni, ameshika waya, "nifunge soketi ngapi?"

"Moja!" nikasema mimi.

"Mbili!" akasema Bobini.

"Basi napanda darini," akasema, na kweli akapanda, akakaa huko mpaka chakula kilipoiva.

Tulifika dukani kwa muuza mashine tumenuniana. Tulivaa vizuri, tulikaa kiti kimoja garini, lakini mimi nilitazama dirisha la huku na yeye dirisha la kule. Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai ndefu. Nikamwita Mkurugenzi papo hapo, akapenda. Mashine zake zilikuwa zimepangwa ukumbini, zimepigwa kitambaa zikang'aa, na hapo, pamoja na kununa kwangu, moyo ulinidunda kwa furaha. Nilitaka kuzikumbatia zote.

Kila mtu ana namna yake ya kununua. Mimi niliomba glasi ya maji. Mkurugenzi akadhani nina kiu. Nikaiweka juu ya meza ya mashine ya kwanza, nikasema, "Iwashe, mwendo wa mwisho."

"Mama, maji na umeme..."

"Iwashe."

Ikanguruma. Maji yakacheza mpaka yakamwagika, Mkurugenzi akaja mbio na leso yake. Nikasema hiyo hapana. Inayotikisika hivyo itanichora jina la muuguzi mpaka kwapani. Ya pili nayo ikatikisa. Ya tatu, ile yenye ubavu wa kijani, maji yalitetemeka usoni tu yakatulia. Nikaweka kiganja mezani, nikafumba macho, nikasikiliza. Sauti moja, nene, bila kugonga. Nikajua hii ndiyo.

Bobini naye hakutazama mashine hata moja. Alimkalia Mkurugenzi maswali. Vipuri vinatoka wapi? Vinachukua muda gani kufika? Fundi wenu anakuja nyumbani au tunambebea mgongoni? Mafuta yapi, wapi, kila baada ya kazi gani? Akitoka jasho kwenye swali moja anampa jingine. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu mtu nitampata wapi tena? Halafu nikakumbuka kuwa nimenuna, nikatazama ukuta.

Tulikuwa tumebeba nguo zetu za kujaribia. Ya ubavu wa kijani ilikuwepo ya vichwa viwili na ilikuwepo ya kichwa kimoja. Tukaanza na ya vichwa viwili, sweta mbili, nembo ya shule. Vichwa vyote vikainama pamoja, vikachapa pamoja, vikainuka pamoja. Nembo zikatoka kama mapacha. "Umeona?" nikasema, nikimwambia ukuta.

"Nimeona, ni nzuri sana," Bobini akajibu. "Sasa Mkurugenzi, tudarizie makoti mawili ya wauguzi."

"Majina yao yanafanana?"

"Wauguzi wawili, majina mawili."

Mkurugenzi akakohoa. "Hapo, mama, kichwa kimoja itabidi kipumzike." Akazima kimoja. Kikakaa pale kimeduwaa, mwenzake anafanya kazi peke yake, kama mwanamume jikoni siku ya shughuli. Wauguzi ndio nusu ya kazi yetu.

Mkurugenzi aliona hali ya hewa, akatupeleka kwenye mbili za kichwa kimoja zilizotazamana. Akatukalisha kila mmoja kwenye yake, akatuonyesha pa kubonyeza herufi. "Andikeni chochote mnachotaka, mwone."

Chochote ninachotaka! Hasira ikanipanda mpaka utosini. Nikasema ndani ya kichwa changu, haya, kama ni kwenda aende, lakini ajue kuwa mimi si mjinga, najua. Nikabana kitambaa cheupe kwenye fremu, nikachagua uzi mwekundu, herufi kubwa kubwa, nikaandika: NENDA SALAMA WIFI. Nikabonyeza. Mashine ikaanza.

Yake nayo ilikuwa imeanza. Nikanyoosha shingo, kwa kupeleleza tu. Kitambaa cha bluu, uzi wa manjano. Ilikuwa imeshamaliza mstari wa juu: WIFI NA WIFI. Nikafikiri macho yangu yana matatizo. Sindano ikashuka mstari wa pili. NGUO. Ikasogea. DARIZI. Ikasogea tena, nami nimeshaacha kuvuta pumzi. S. A. A.

Nguo, darizi, saa. Kilikuwa kibao cha dirisha letu.

Ndipo nikakumbuka mashine yangu. Nikageuka: NENDA ilikuwa imekamilika, nyekundu kama pilipili, na S ilikuwa inaanza kupinda. Nikabonyeza kitu cha kuisimamisha. Ikaongeza mwendo. Nikabonyeza kingine, ikapiga filimbi. "Toba! Ishikeni! Mkurugenzi!" Nikataka kuing'oa fremu kwa mikono, Mkurugenzi akaruka na tai yake akapiga kitufe kikubwa chekundu, kilichokuwa mbele yangu muda wote, kimeandikwa kabisa simamisha.

Bobini akainuka, akazunguka, akaja kusimama nyuma yangu. Akasoma.

"Niende wapi, wifi?" akauliza.

Machozi yakaanza kunitoka mbele ya Mkurugenzi. "Kwa fundi saa wako," nikasema. "Mji wa pili. Na mashine yako. Na mkasi wako ulioficha mkobani, nimeuona!"

Bobini alinitazama. Midomo ikaanza kumtetemeka, nikadhani atalia, kumbe anajizuia. Hakuweza. Aliangua kicheko mpaka akakaa sakafuni, miguu mbele, anajipiga mapaja. Alipopata pumzi akafungua mkoba, akatoa mkasi. Halafu akatoa wa pili, pacha wake.

"Huu wako. Nilikuwa nangojea siku ya mashine, mjinga wewe."

"Na fundi saa?"

"Ndiye anayehamia. Hapa kwetu. Kibanda chake anakiacha. Nilitaka kukuomba upande wa dirisha, upande mdogo tu, meza yake haizidi sinia."

"Sasa mbona hukusema?"

Kicheko kikamkauka taratibu. Akafuta macho kwa kitambaa chake cha bluu. "Nyumba ni yako, wifi. Mimi ni dada wa mwenye nyumba tu. Niliogopa utasema chumba kidogo, chukua mtu wako muende. Kila nikitaka kukuambia, wewe tayari umeshika moto. Nikasema nitaandika kwenye kibao, akikiona akapenda, basi. Asipopenda, ni kitambaa cha majaribio."

Jamani. Watu wawili, chumba kimoja, kila mmoja anaogopa mwenzake asimwache, na hakuna aliyefungua mdomo! Nikashuka sakafuni nikakaa naye pale pale, na gauni langu la kutokea. Nikamkumbatia. Nikamwambia kuwa kama fundi saa akitaka dirisha zima apewe dirisha zima, mimi nitashonea gizani. Nikalia, nikacheka, nikalia tena.

"Samahani, mama zangu," Mkurugenzi akasema kutoka juu, anapinda tai yake, "mnanunua au mnalia?"

"Vyote viwili," nikamjibu. "Za kichwa kimoja. Za ubavu wa kijani. Mbili!"

Tulirudi nyumbani tumebanana dirisha moja. Nilipoingia chumba cha mbele nikakuta soketi zimeshafungwa ukutani. Mbili, kubwa, mpya, zimekaa sawasawa. Na ya tatu, ndogo, chini ya dirisha.

"Hiyo ya nini?" nikamuuliza mume wangu, ingawa nilishajua.

"Taa ya mezani," akasema, macho kwenye dari. "Ya mtu anayetengeneza vitu vidogo."

"Ulijua! Muda wote ulijua!"

Nilimkimbiza na rula ya kukatia mpaka uani, jirani akatoka kuchungulia. Sikumpata. Ana miguu mirefu na nilikuwa nacheka mno.

Kuziendesha mashine zile ni jambo jingine. Msije mkadhani unabonyeza tu ukaenda kunywa chai. Mara uzi wa juu umekazwa mno, wa chini unachomoza usoni. Mara umesahau kuweka kitambaa kigumu chini ya sweta, nembo inajikunja kama uso wangu nikiamshwa. Siku ya kwanza nilibana sweta ya mtoto kwenye fremu kwa haraka zangu, nikajisifu namna nilivyoikaza, mashine ikachapa nembo safi kabisa. Nikaitoa niwaonyeshe. Nilikuwa nimedarizi kifua na mgongo pamoja! Sweta imefungwa katikati, kichwa kinaingia, mtoto haingii. Bobini akaipokea kwa heshima zote, akaigeuza huku na huku, akasema, "Hii tumpelekee Kesho. Atasema inapendeza."

Fundi saa alikuwa ameshahamia wakati huo. Walifunga ndoa bila makeke, na nguo ya harusi ya Bobini, pindo zima, nilidarizi mimi, polepole, bila kuunguza kitu. Meza yake kweli haizidi sinia. Anakaa dirishani na lenzi jichoni, juu ya kichwa chake kinaning'inia kile kibao cha bluu. Saa yetu ya ukutani haijamwona tena na inakwenda vizuri tu.

Na kile kitambaa cheupe? Nilitaka kukitupa jikoni. Bobini alininyang'anya. Akakipindia kingo, sasa anafunikia mashine yake vumbi lisiingie, na kila asubuhi anakikung'uta mbele ya pua yangu, NENDA nyekundu na kipande cha S, akaniuliza, "Niende wapi leo?" Nami namwambia aende kwenye kiti chake, kazi imelala.

Wiki iliyopita shule ilituletea sweta za wanafunzi wake wote, mlima mzima umeegemea ukuta. Tulikaa kila mmoja na mashine yake, yangu inachapa, yake inachapa, chumba kinanguruma kwa raha. Ghafla yake ikalia, ikasimama. Uzi ulikuwa umekatika.

Nikabonyeza yangu. Ikasimama nayo.

Fundi saa akatoa lenzi jichoni. "Shemeji Pasi," akasema kwa ile sauti yake ya kutoamsha watoto, "mbona umesimamisha? Yako haijakatika."

"Najua," nikasema. "Namngoja mwenzangu."

Bobini alikata ncha ya uzi kwa mkasi wake mdogo, akailowesha mdomoni, akaipitisha tunduni, akavuta. Halafu akanitazama, kidole kiko juu ya kitufe.

"Twende?"

"Twende," nikamwambia, tukabonyeza.